Kwa Baiskeli Usambara: Barabara za Mlimani, Msitu na Vijiji vya Wakilindi

Milima ya Usambara iliyoko mkoani Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani ile safu ya milima mikongwe inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kupinda kuelekea kusini-magharibi mpaka Udzungwa. Tofauti na Kilimanjaro, uliojengwa na volkano katika zama ambazo kwa hesabu za wanajiolojia ni za karibuni, milima hii ni vipande vya miamba ya kale sana vilivyoinuka pale ardhi ilipopasuka, na ndiyo maana kingo zake ni kuta kali, ilhali juu yake kuna nchi pana ya mabonde, vilima na vijito. Bonde la mto Lwengera limeigawa Usambara pande mbili, Mashariki na Magharibi. Makala haya yanahusu zaidi upande wa Magharibi, wenye mji wa Lushoto, kwa kuwa huko ndiko barabara ya lami inakopanda kutoka nyika mpaka jirani na msitu, na ndiko viliko vijiji vilivyobeba sehemu kubwa ya historia ya Washambaa na watawala wao.

Ukuta wa mlima una njia chache za kuupanda, na kila njia iliyopo leo ilichongwa na mtu mwenye haja yake: mtawala aliyetaka kukaa mahali pagumu kwa adui kupafikia, mmisionari aliyetafuta waumini, mkoloni aliyekimbia joto la tambarare, mkata mbao, na hatimaye mkulima anayetaka kabichi zake zifike Dar es Salaam kabla hazijanyauka. Hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili ya starehe ya mwendesha baiskeli. Hata hivyo hakuna chombo kinachofaa kuzisoma barabara hizo kuliko baiskeli, kwa sababu gari huzipita upesi mno na mwendo wa miguu hutaka siku nyingi, ilhali baiskeli inayopanda kwa kilomita nane au kumi kwa saa humwezesha mtu kujua kwa misuli yake mwenyewe kwa nini kijiji fulani kilijengwa pale kilipo.

Safari huanzia Mombo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha, kwenye kimo cha mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika hapa mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa Mombo ikawa mwisho wa reli na mlango wa milima. Katika mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge nchini, na zao hilo likaja kutawala nyika iliyo chini ya milima na maisha ya maelfu ya vibarua waliolifuata kutoka mbali. Kutoka Mombo barabara ya lami huingia katika korongo la mto utokao milimani, ikaanza kujipinda kushoto na kulia, na kwa umbali wa kilomita 30 hivi hupanda karibu mita 1,000 hadi Lushoto.

Wahandisi hupima ukali wa barabara inayopanda kwa asilimia, ambapo asilimia 3 maana yake ni kwamba katika kila mita 100 za mwendo barabara huinuka mita 3. Wastani wa Mombo hadi Lushoto ni kama asilimia 3 na kidogo, kiwango ambacho mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kukimudu, lakini wastani huficha mengi, maana sehemu kubwa ya kupanda imejikusanya kati ya Mombo na Soni, ambako kona hufuatana bila kupumzisha. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 80 kwa pamoja, kazi ya kuwainua tu mita 1,000 ni kilojuli 785, na kwa kuwa misuli hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo, mwili utatumia zaidi ya kilokalori 700 kabla ya kuhesabu upinzani wa upepo na wa lami. Ndiyo sababu mpandaji hutakiwa kula vizuri kabla ya kuondoka Mombo na kuendelea kula kidogo kidogo njiani, badala ya kungoja njaa imkamate katikati ya korongo.

Jambo linaloamua kama safari itakuwa ya raha au ya mateso ni gia, yaani uwiano kati ya idadi ya meno ya gurudumu la mnyororo lililo kwenye pedali na ya lile lililo kwenye tairi la nyuma. Baiskeli ya kawaida ya mizigo, kama zile za Phoenix zinazojulikana Tanzania nzima, ina gia moja tu, na kila pedali inapozunguka mara moja tairi huzunguka kama mara mbili na nusu, hivyo baiskeli husogea mita 5 hivi. Huo ni mwendo mzuri tambarare, lakini mlimani unamtaka mtu ashuke asukume. Baiskeli ya gia nyingi inaweza kushushwa hadi mzunguko mmoja wa pedali ulingane na mzunguko mmoja wa tairi, ikasogea mita 2 na kidogo tu. Mpandaji huzungusha miguu mara nyingi zaidi, lakini kila msukumo unakuwa mwepesi, na moyo na mapafu huweza kuhimili kazi hiyo kwa saa tatu mfululizo. Anayepanda Usambara kwa baiskeli ya kukodi na aangalie kwanza gia ndogo kabisa kama inaingia bila kukwama, kwa kuwa hiyo ndiyo atakayoitumia asubuhi nzima.

Kadiri barabara inavyopanda ndivyo hewa inavyobadilika. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, kwa hiyo siku ambayo Mombo inachemka kwa nyuzi 30, Lushoto huwa na nyuzi 24 tu, na usiku hushuka zaidi. Tofauti hiyo imeunda historia ya hapa kuliko vita vyovyote. Washambaa wa zamani walijua kwamba aishiye nyikani huugua homa mara kwa mara na aishiye juu huugua mara chache, kwa sababu mbu wa malaria hawastawi vyema penye baridi. Lakini walijua pia kwamba mahali pamoja hapatoshi, kwa kuwa migomba, iliyokuwa chakula chao kikuu, hutaka mvua ya milimani, na nyikani kuna mawindo na mazao ya msimu mwingine. Kwa hiyo vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo familia iliweza kulima juu na chini, na mvua ikikosa huku, chakula kipatikane kule. Mwendesha baiskeli anayeshangaa kwa nini kijiji kimewekwa ukingoni kabisa mwa genge, badala ya kwenye bonde laini lililo nyuma yake, jibu lake ndilo hilo.

Soni, ambako ukali wa mwinuko hulegea, ni mji wa soko wenye maporomoko ya maji, na ni mahali pa kupumzika kwa chai na ndizi. Si mbali na Soni iko Vuga, na hapa msomaji anastahili kukaa kidogo, maana Vuga ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi, ukoo uliotawala Washambaa kuanzia karne ya 18. Simulizi za wenyeji zinasema kwamba mwanzilishi wake, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Nguu aliyefika milimani akiwa na mbwa wake, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, kisha alipopita Vuga usiku akamuua simba, na kwa ushujaa na ukarimu huo watu wakamfanya mfalme wao. Simulizi hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kuwatumikia watawala wa Kikilindi wenyewe, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, ambacho ni miongoni mwa kazi kubwa za nathari ya Kiswahili za mwanzoni mwa zama za uchapaji. Inasikitisha kwamba wasafiri wengi hupita Soni mbio kuelekea Lushoto bila kujua kwamba wamekiacha kando kilima kilichokuwa kitovu cha nchi nzima.

Ufalme huo ulifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye sauti yake ilisikika kutoka milimani mpaka miji ya pwani, ambako alisimika viongozi katika eneo ambalo Sultani wa Zanzibar naye alilidai. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na kurudi tena mwaka 1852, akiomba ruhusa ya kuweka misheni. Waingereza Richard Burton na John Speke nao walimfikia mwaka 1857, kabla ya safari yao ya kwenda maziwa makuu. Wageni hao wote walipanda kwa miguu, wakaona kwa macho yao kwamba Vuga ni ngome ya asili. Baada ya Kimweri kufariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, ngome hiyo haikusaidia kitu, kwa sababu nguvu zilikuwa zimekwisha hamia chini: mwanawe Semboja alikuwa amejiweka Mazinde, chini ya ukuta wa mlima, ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita, na kutokana na biashara hiyo alipata bunduki ambazo wa milimani hawakuwa nazo. Vuga iliteketezwa kwa moto, na vita vya urithi vikaendelea mpaka Wajerumani walipofika na kuwakuta Wakilindi wamegawanyika.

Lushoto yenyewe, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ni mji wa wakoloni hao. Waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari Wilhelm wa Pili, wakaufanya makao ya wilaya na mahali pa maofisa kupumzika na joto. Waingereza waliowafuata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendeleza desturi hiyo. Mitaa yenye miti mirefu na majengo ya zamani yenye mapaa makali ni ya kuangaliwa, ingawa uzuri wa Lushoto kwa mwendesha baiskeli uko zaidi katika kuwa njia panda, ambapo mtu hulala siku mbili tatu na kutoka kila asubuhi kwa upande mwingine.

Njia fupi kuliko zote ni ya kwenda Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini, ambako mlima hukatika ghafla na macho hutua juu ya nyika iliyo karibu mita 1,000 chini. Mahali panapoonekana huko chini ni Mazinde ileile ya Semboja, na aliyekwisha kupita Soni na kuisikia habari ya Vuga ataelewa, kwa kutazama tu, jinsi mtawala wa juu alivyoweza kuona misafara ikipita bila kuwa na uwezo wa kuizuia. Karibu na hapo liko shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, linalojulikana kwa jibini, mkate na jemu zake.

Njia ya kaskazini ndiyo inayoingia msituni. Kilomita chache kutoka Lushoto barabara hupanda tena kwa nguvu mpaka Magamba, ambako kuna hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na vilele vya eneo hili vinapita mita 2,200. Msitu huu huishi kwa pumzi ya Bahari ya Hindi: pepo zitokazo baharini hubeba unyevu, zikigonga milima hulazimika kupanda, hewa ikapoa, unyevu ukawa ukungu na mvua. Kwa kuwa hali hiyo imedumu kwa muda mrefu mno, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, viumbe waliobaki katika misitu hii ya vilele walitengana na wenzao wa mbali na kuwa aina za pekee. Ndege mdogo aitwaye kisayansi Sheppardia montana hajulikani kuishi popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi, na ndivyo alivyo pia kinyonga mmoja wa pembe mbili anayeweza kuonekana kwenye vichaka vya kando ya njia na mtu aendaye polepole. Mbega weusi wenye manyoya marefu meupe huruka juu ya matawi, na mara nyingi sauti yao husikika kabla hawajaonekana.

Msitu wa leo ni mabaki ya msitu mkubwa zaidi, na jambo hili halipaswi kufichwa kwa ajili ya kumpendeza mgeni. Wajerumani waliitamani miti ya mwangati na mingine ya mbao ngumu iliyokuwa Shume, wakajenga mwanzoni mwa karne ya 20 njia ya kamba za chuma zilizoning'inia angani ili kuteremsha magogo kutoka mlimani mpaka Mkumbara, kando ya reli. Baadaye watu waliongezeka, mashamba yakapanda miteremko, na udongo ukaanza kuporomoka. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwanza Mlalo na kisha kwingineko. Kazi ilikuwa ngumu, faida yake haikuonekana upesi, wakulima wakapinga, na mpango ukafa mwaka 1957. Kosa la mpango ule lilikuwa amri isiyosikiliza, kwa kuwa matuta yenyewe yalikuwa na maana, na miradi iliyofuata baada ya uhuru, iliyowashawishi wakulima kupanda miti na majani ya mifugo kwenye kingo za mashamba, ilipokewa vizuri zaidi. Anayepita leo kati ya mashamba ya viazi, karoti na kabichi anapanda na kushuka katikati ya historia hiyo ya udongo.

Baada ya Magamba barabara huendelea kupitia Lukozi, na matawi yake huelekea Mlalo na Mtae. Lami haifiki kila mahali, na sehemu ndefu ni za udongo mwekundu na changarawe, kwa hiyo tairi nyembamba za mashindano hazifai. Tairi pana za sentimita nne au zaidi, zisizojazwa upepo kupita kiasi, hushika njia vizuri na kupunguza mtikisiko. Mlalo iko bondeni, na ndiko wamisionari Wajerumani walikoanzisha kituo mwaka 1891, kilichokuwa chanzo cha Ulutheri katika Usambara. Kinachowavutia wengi ni nyumba zake za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao. Mtae, iliyo kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyika ya Mkomazi ikiwa chini yake, na anga likitakata milima ya Pare na hata Kilimanjaro huonekana. Kwa mwenye siku moja tu ya ziada, Mtae ndiyo ya kuchaguliwa, ijapokuwa Mlalo ina mengi ya kusimuliwa na wazee.

Usambara Mashariki nayo ina njia yake, itokayo Muheza na kupanda hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Huko msitu ni wa chini zaidi, joto na unyevu ni vingi zaidi, na mashamba ya chai hupakana na miti mikubwa. Ni safari inayotaka makala yake yenyewe.

Kushuka kunahitaji maarifa kuliko kupanda. Nguvu yote iliyotumika kuinua mwili na baiskeli hurudi wakati wa kuteremka, na isipomezwa na upepo hugeuka joto kwenye breki, kiasi kwamba anayebana breki bila kuachia kutoka Lushoto mpaka Mombo anaweza kuchemsha rimu hadi tyubu ipasuke. Njia iliyo salama ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kuachia ndani ya kona, na kusimama mara kwa mara ili vyuma vipoe. Mabasi na malori ya mboga hupita katika barabara hiyohiyo nyembamba, na baadhi yao hutanua kwenye kona. Kwa hiyo mwendesha baiskeli hubaki upande wake wa kushoto, huvaa nguo ya rangi kali, na haendi kabisa usiku wala kwenye ukungu mzito.

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hugeuza njia za udongo kuwa utelezi na mara nyingine huleta maporomoko yanayoziba barabara. Vuli nayo hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na pia Januari na Februari. Kuingia hifadhini kuna ada na utaratibu wake, na mjini Lushoto kuna waongozaji vijana wanaozijua njia, lugha ya Kishambaa na wazee wa vijijini, ambao malipo yao ni sehemu ya riziki inayofanya msitu uwe na thamani ukiwa umesimama. Njia hizi zinastahili kutambuliwa rasmi kama njia za baiskeli, kwa kuwekewa alama na kupewa nafasi pembezoni mwa lami, na wahusika wa barabara na utalii wakilifanya hilo watakuwa wamewatendea haki pia wenyeji waendao sokoni kwa baiskeli kila siku. Apandaye kwa mara ya kwanza na aondoke Mombo alfajiri, abebe maji ya kutosha kufika Soni, na katika miezi ya Juni na Julai asiache sweta nzito, kwa sababu usiku wa Lushoto ni wa baridi kweli.